Mzee wangu alikimbia Lukaya, akarudi alfajiri. Tuwazungumzie mgambo wa Ugogo waliokwenda vita vya Kagera

Mwana wa Chilonwa

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu nimeuahirisha mwaka mzima. Mzee wangu alifariki mwaka jana mwezi wa sita, tukamzika nyumbani Chilonwa. Msibani watu walimsema vizuri: mkulima hodari, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa askari. Hata mimi sikusema. Kipaza sauti kilinifikia, nikataja mwaka wa kuzaliwa, watoto na wajukuu, nikakaa.

Alikuwa mgambo wa mwaka 1978. Siku Mwalimu Nyerere alipotangaza tarehe 2 Novemba kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, yeye alikuwa na miaka 22. Kijijini redio ilikuwa ya mwenye duka, na mzee alisema watu walisimama kuanzia kibarazani mpaka barabarani, kimya, hata watoto. Haukupita muda akawa amenyolewa, yuko kambini anafundishwa kwata na kufungua bunduki. Jeshi letu kabla ya hapo lilikuwa na askari wapatao 40,000. Vita vilipopamba moto likavuka 100,000, na maelfu ya walioongezeka walikuwa watu wa namna yake, mgambo waliotoka shambani na machungani. Kwa hesabu yake mwenyewe, alifundishwa wiki sita.

Walipanda treni stesheni ya Dodoma usiku, wakafika Mwanza, wakapakiwa kwenye meli kwenda Bukoba. Mtoto wa Ugogo anayajua maji ya kuchimba. Kiangazi unafukua mchanga wa korongo, unasubiri yachuruzike, unateka kwa kata, unampisha mwenzako. Sasa yuko juu ya ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Alisema hakulala. Alishika chuma cha ukingo wa meli mpaka kukakucha.

Haya yote sikuyajua hadi Oktoba 2014. Ukame ulikuwa mkali, tukaenda korongoni kufukua kisima, mimi na yeye. Yeye akiwa chini anachimba, maji yakatoka kwa kasi kuliko tulivyozoea, yakamfika magotini. Badala ya kufurahi akatupa jembe, akapanda juu akitetemeka, akakaa kwenye mchanga. Nikadhani ni nyoka. Akaniambia nikae. Akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka jua likazama.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala. Ukitoka hapo barabara inapita juu ya tuta refu katikati ya kinamasi cha mafunjo, kulia maji, kushoto maji. Masaka ilikwishatekwa mwishoni mwa Februari 1979. Walioshika Lukaya walikuwa Brigedi ya 201, na brigedi hiyo karibu yote ilikuwa mgambo. Jioni ya tarehe 10 Machi jeshi la Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi wakawajia na vifaru na makombora ya kurushwa kutoka kwenye malori. Makombora mengi yalipita juu ya vichwa vyao, yakaangukia nyuma. Lakini mzee alisema mlio wake ulikuwa kama mbingu inachanwa kama kitambaa, na ardhi ya kinamasi inatikisika kama uji ndani ya chungu. Miezi minne nyuma yake alikuwa anatayarisha shamba la uwele.

"Nilikimbia." Neno ni lake, sikumwekea mdomoni. Alikimbia, na wenzake wengi walikimbia. Wakaingia kwenye mafunjo gizani, maji kifuani, bunduki juu ya kichwa. Alikuwa na kijana mwenzake wa Mvumi, walitoka Dodoma behewa moja. Yule alimshika mkanda kwa nyuma ili wasipoteane. Wakaenda hivyo kitambo, mzee anausikia mkono ukivuta kiunoni. Baadaye akahisi mkanda umekuwa mwepesi. Akageuka, akapapasa kwenye maji, akaita kwa sauti ya chini kwa sababu kupaza huwezi. Hakumpata. Jina alinitajia, nalihifadhi kwa ajili ya familia yake kama wapo.

Alfajiri akarudi mstarini. Usiku huo Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilikuwa imezunguka mbali kwa miguu, ikatokea barabara ya Kampala nyuma ya adui. Waliobaki wa 201 wakakusanywa wakashambulia kutoka mbele, na mzee alikuwemo. Walibya zaidi ya 200 walikufa. Mwezi mmoja baadaye, 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Mzee akaendelea kutembea kaskazini na wenzake mpaka buti zikaisha.

Aliporudi nyumbani hakukanyaga tena Hombolo. Sisi watoto tulikwenda bwawani kuangalia mitumbwi, yeye hapana. Radi ikipiga usiku anatoka nje, anakaa kwenye shimo alilochimba nyuma ya zizi, mvua inamnyeshea. Majirani walisema mengi. Mama alikuwa anamfuata na kanga, anamfunika, anasimama naye. Miaka mingi nilimwonea aibu kwa ajili ya lile shimo. Nayaandika haya nikiwa na machozi.

Kila 25 Julai, siku ya Mashujaa, ilimkuta shambani. Nilimwuliza mwaka huohuo wa 2014 kwa nini haendi hata mara moja, uwanja uko hapa hapa mjini. Akanijibu: "Mashujaa ni wale wa Kaboya. Mimi nilikimbia."

Kaboya, kwa wasiopajua, ni kule Muleba mkoani Kagera walikozikwa askari wetu waliokufa kwenye vita ile. Mzee aliamini heshima yote imebaki kule chini ya yale makaburi, na yeye hana haki hata ya kusogea karibu. Mtu alitolewa machungani, akafundishwa wiki sita, akawekwa mbele ya vifaru, akaogopa kama kiumbe yeyote, akarudi mwenyewe alfajiri kule kule alikokimbia, halafu akaishi miaka zaidi ya 40 akijihukumu peke yake. Hakuna aliyemwuliza. Mimi mwanaye nilichelewa kumwuliza.

Wenye wazee wa mgambo wa 1978 na 1979, Dodoma, Singida na kwingineko, naomba mje hapa mseme mnachokijua.

---

Binti Mpwapwa

Pole sana kaka yangu. Nimesoma mara mbili.

Mjomba wangu ni mmoja wa wale wa Kaboya. Alikuwa askari wa kawaida, si mgambo. Taarifa ilimfikia bibi kwa mdomo wa katibu kata, na mwili haukuja. Kwetu mtu asiyezikwa nyumbani ni jambo zito, hujui umlilie wapi. Bibi akabaki na mbuzi jike wa mjomba. Alikataza asiuzwe wala asichinjwe, yeye na uzao wake, na sisi tumekua tukiwaita mbuzi wa mjomba. Kuna mwaka wa njaa tulikula mizizi, mbuzi wako zizini.

Mwaka 2019 tukachanga nauli, tukampeleka Kaboya. Bibi hajui kusoma. Mama mdogo akamshika kidole, akamwekea juu ya jina, akamsogezea herufi moja moja. Bibi akauliza, "Ndiye huyu?" Akakaa chini. Hakulia kama tulivyotarajia. Aliangalia migomba, majani mabichi kila upande, akasema kwa Kigogo kwamba mwanawe amelala mahali penye mvua.

Tuliporudi alichinja mbuzi mmoja, wa kwanza tangu 1979. Akala.

---

Korongo Kavu

Pole kwa msiba, mtoa mada. Sisemi kwa ubaya, ila naomba niseme ninachokiamini.

Baba mkubwa wangu alikuwa jeshini kabla ya vita vile. Alitufundisha kwamba askari akikimbia, risasi iliyokuwa yake inampata aliyebaki. Kuna watu usiku ule walibaki juu ya tuta. Tukisema wote ni mashujaa sawa, waliobaki tunawaambia nini? Namheshimu mzee wako, na nadhani yeye mwenyewe alilielewa hili kuliko wewe, ndiyo maana alikaa shambani.

---

Mwana wa Chilonwa

Mkuu Korongo Kavu, umegusa kidonda chenyewe na sikukasirikii. Mzee angekubaliana na wewe neno kwa neno. Mimi sijasema wote ni sawa. Ninachokataa ni kumwacha mtu na saa tano za usiku mmoja, ukafuta miezi yote aliyotembea baada ya hapo.

---

Mwalimu wa Irangi

Nafundisha historia hapa Kondoa, na naomba nirudi nyuma zaidi, maana mkoa huu umezoea kutoa watu vitani bila kuulizwa majina yao.

Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waafrika Kusini wa Jenerali van Deventer, waliokuwa upande wa Waingereza, waliiteka Kondoa katikati ya masika. Farasi wao walikufa kwa mamia, watu wakaishiwa chakula, malaria ikawalaza. Usiku wa tarehe 9 Mei von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawatuma askari wake wa Kiafrika kupanda milima hii kuwashambulia gizani. Waliangushwa usiku ule, wakarudishwa nyuma. Walikuwa vijana wa kabila nyingi za nchi hii, wanakufa juu ya mawe ya Irangi kwa ugomvi wa Wazungu wawili. Tarehe 29 Julai Dodoma nayo ikatekwa na reli ya kati ikakatwa.

Lakini askari walikuwa wachache ukilinganisha na wapagazi. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, magari yalikwama matopeni, kwa hiyo kila risasi na kila kopo la nyama lilibebwa kichwani. Waingereza peke yao walichukua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja katika Afrika Mashariki na nchi za jirani, wengi kwa nguvu. Kumbukumbu zao zinataja vifo vya wapagazi wapatao 95,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, vichomi na unga uliopikwa nusunusu kwa sababu ya kukosa kuni na muda. Dar es Salaam jina la Kariakoo limetoka kwao, na pale mjini ipo sanamu ya Askari iliyozinduliwa 1927 ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Makaburi yenye majina hawana.

Na Ugogo ililipa mara ya pili. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua ziliposusa hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Ikaja njaa ambayo wazee wanaiita Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920, maana yake kinyang'anyiro, watu wakinyang'anyana chochote. Makadirio yanayotajwa ni kwamba Dodoma ilikuwa na watu 150,000 na 30,000 kati yao walikufa. Mmoja katika kila watano. Homa kali ya mafua ya 1918 ikapita juu ya miili iliyokwisha kudhoofika.

Darasani huwa nawauliza wanafunzi wangapi wana babu wa babu aliyebeba mzigo vita ile. Hakuna anayenyoosha mkono. Haiwezekani isiwe hata mmoja, ni kwamba kisa kilikatika njiani, mzee mmoja hakuulizwa na mwingine akanyamaza. Mtoa mada, bila ile jioni moja korongoni, ya kwako nayo yangepotea vivyo hivyo.

---

Mlima Kongwa

Mwalimu asante sana.

Hapa Kongwa kuanzia 1964 waliishi wapigania uhuru, FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, MPLA wa Angola, ZAPU wa Zimbabwe, kwenye majengo ya ule mradi wa karanga wa Waingereza. Wengine walizaa na dada zetu, wakaondoka usiku kwenda mstari wa mbele kusini, hawakurudi. Nimesoma darasa moja na kijana ambaye baba yake ni jina la kwanza tu na neno "Namibia". Mama yake mpaka leo hajui kama ni mjane.

---

Gwanda la Zamani

Nimestaafu. Sitataja kikosi.

Nilikuwa Kongo kwenye kazi ya kulinda amani. Mnasikia habari ya Semuliki, 7 Desemba 2017, kambi yetu iliposhambuliwa, wakauawa askari wetu wasiopungua 14. Mimi sikuwa kambi ile, nilikuwa pengine, tukasikia kwenye redio ya upepo. Kuna vijana nilikula nao wiki moja kabla.

Korongo Kavu, baba yako mkubwa alisema kweli, depo wanatufundisha hivyo na lazima watufundishe hivyo. Lakini hakuna aliyewahi kupigwa makombora akakwambia miguu inamwomba ruhusa. Mwili unakwenda wenyewe. Unachoweza kuchagua ni kitu kinachofuata, ukishapata pumzi, ukishajua uko hai. Hapo ndipo nafsi inarudi na unaiuliza, tunakwenda wapi? Nimewaona waliochagua kuendelea kwenda, na sijawahi kuwacheka. Nimewaona pia waliogeuka. Kugeuka ni kugumu kuliko kubaki, maana aliyebaki hajapata muda wa kufikiri, na anayerudi anajua kabisa anarudi kwenye nini.

Na lile shimo nyuma ya zizi nalielewa. Mke wangu ananiamsha kwa kuniita kutoka mlangoni, hanigusi. Tulijifunza hivyo baada ya usiku mmoja ambao sitausimulia.

Mama yako aliyesimama mvuani na kanga, yuko hai?

---

Mwana wa Chilonwa

Yuko hai afande. Shikamoo.

Jana usiku nilimsomea uzi huu, nikimtafsiria pale aliponiuliza. Alipofika sehemu ya kanga akasema sikuandika vizuri. Alikuwa haendi kumfunika, alikuwa anakwenda kumshika mkanda. Mzee alimwomba hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa: radi ikipiga, nishike kwa nyuma, usiachie. Sikuwahi kulijua hilo.

---

Binti Mpwapwa

Jamani.

---

Mkulima wa Zabibu

Kuna jambo la haki pia. Wazee wengi wa mgambo walirudishwa vijijini bila karatasi yoyote inayoeleweka, na sasa wana miaka 70 na kuendelea. Wa kwangu alifuatilia ofisi moja mara tatu, kila safari anauza debe la mtama kwa ajili ya nauli, anaambiwa alete namba ambayo hakuwahi kupewa. Safari ya nne hakwenda. Vita vilipoisha nchi nzima tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, tukafunga. Wao hawajafungua.

---

Manyoni Stesheni

Habari zenu. Ninayeandika ni binti, lakini maneno ni ya baba, yuko hapa pembeni yangu kwenye kiti chake. Ana miaka 71. Alikuwa Brigedi ya 208. Nimemsomea uzi wote tangu saa kumi, na anataka niandike kama anavyosema.

Anasema: Mwambie huyo kijana kwamba sisi usiku ule tulitembea hatujui tunakokwenda. Tuliambiwa tunazunguka. Matope, giza, mtu anasinzia huku anatembea, unagonga mgongo wa mwenzako ndiyo unajua amesimama. Na sisi tuliogopa. Sisi tulikuwa na bahati kwamba makombora hayakuwa yanatuangukia sisi.

Anasema: Alfajiri tulipofika barabarani tukaanza kupiga. Walibya walikuwa na silaha nyingi, wangegeuka wote kwetu sijui ingekuwaje. Lakini tulisikia milio kutoka upande wa kusini, upande wa Lukaya. Kamanda wetu akasema hao ni 201 wamerudi. Tulifurahi, mwandikie hivyo, tulifurahi sana. Ndiyo maana Walibya hawakugeuka wote. Hao walikuwa ni hao mnaosema walikimbia. Mimi niko hai kwa sababu walirudi.

Anasema hajawahi kukutana na mtu wa 201 tangu vita viishe ili amwambie hivyo.

Sasa amenyamaza. Ameniambia nisubiri.

Anauliza mzee wako alikuwa mrefu au mfupi. Nimemwambia watu walikuwa wengi, hawezi kuwa alimwona. Anasema niulize tu.

---

Mwana wa Chilonwa

Mfupi. Mweusi sana, na jino la mbele lilikuwa na pengo.

Shikamoo mzee wangu. Nimesimama kuandika hapa, siwezi kukaa. Dada naomba umwambie nakuja Manyoni. Jumamosi napanda basi la asubuhi na mama. Kuna chochote anachokipenda tumletee?

---

Korongo Kavu

Mzee wa Manyoni, shikamoo. Nimesoma. Lile swali nililouliza, la waliobaki tuwaambie nini, sikujua kwamba mmoja wa waliokuwa pale atakuja kunijibu. Nalirudisha.

Mwana wa Chilonwa, huyo kijana wa Mvumi mwenye mkanda: mama yangu ni wa Mvumi. Nitumie jina faragha, nitaanza kuuliza kwa wazee wiki hii.

---

Manyoni Stesheni

Baba anasema marahaba wote.

Anasema msije Jumamosi hii, ana kliniki ya macho Singida. Ijayo. Mje na ugoro wa Kongwa, huu wa hapa haumkolei, na mama apewe kiti cha karibu na dirisha kwenye basi. Na ulete daftari, la kurasa nyingi, kwa sababu baada ya Lukaya kuna Entebbe, na hajaanza.